Hiari ya Namba Kumi na Nne

Katika miaka ya hamsini soko la mji wa Kisii lilikuwa na paa moja tu la mabati. Chini yake palikuwa na nafasi ishirini, kila moja imeandikwa namba kwa rangi nyeupe kwenye sakafu ya saruji. Wanawake wengine wote, na walizidi mia, walitandika magunia yao nje. Jua halikuwasumbua sana. Kilichowasumbua ni mvua, ambayo kule hufika saa nane mchana karibu kila siku ya mwaka. Aliye nje ilimbidi afungashe saa nane, na ndizi zake mbivu zilizolowa zilikuwa nyeusi kesho yake. Aliye chini ya paa aliuza mpaka saa kumi na moja.

Namba kumi na nne ilikuwa ya Nyanchera. Aliipata mwaka 1946, na hakuwa na kitu kingine duniani ambacho angeweza kukiita chake.

Alizaliwa upande wa Nyamache, mwaka haujulikani. Ng'ombe wa mahari walitolewa, akaolewa na Nyasani, aliyekuwa kibarua wa reli. Mwaka 1931 wakaenda kukaa Kisumu. Chumba cha pili kwenye ua ule alikaa Bi Kazija, mwanamke wa Lamu, mkewe fundi cherehani. Ndiye aliyemfundisha Nyanchera Kiswahili na kusoma, wakiwa wanachambua mchele, na hakumwachia kosa hata moja lipite. Nyanchera akisema "viti hii," Bi Kazija aliweka ungo chini na kusubiri mpaka arekebishe.

Siku moja Bi Kazija alimsimulia alivyoolewa. Alisema walikuja watu wazima, wakamuuliza mara tatu kama amekubali kwa hiari yake.

"Hiari ni nini?" Nyanchera akauliza.

"Ni kwamba ukitaka unasema ndiyo, usipotaka unasema hapana."

"Na ungesema hapana?"

"Wangekunywa kahawa yao, wakaenda zao."

Nyanchera alilifikiria jambo hilo siku nyingi. Yeye hakuulizwa hata mara moja, na hakujua kwamba kuna mahali watu huulizwa.

Nyasani alifariki mwaka 1943. Nyanchera alirudi Nyamache na binti yake mmoja, Eucabeth. Ndugu wa marehemu, jina lake Onchiri, alisema mjane huyo sasa ni wake pamoja na shamba, kama desturi ilivyokuwa. Nyanchera alisema hapana. Wazee walidhani hakusikia vizuri, wakarudia. Akasema hapana tena. Hakuwa na mtoto wa kiume ambaye shamba lingebaki kwa jina lake, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kumbembeleza. Aliondoka na sufuria moja na mtoto. Onchiri alilichukua hata blanketi, akisema lilinunuliwa na ndugu yake.

Binti huyo baadaye aliolewa Magwagwa. Mama akabaki mjini, katika chumba cha kupanga, na namba kumi na nne.

Pale sokoni walimwita Mama Eucabeth, na walipotaka kumtania walimwita Mswahili. Wanawake wengi waliijua bei kwa Kiswahili na si zaidi ya hapo. Mtu akipewa karatasi na serikali, aliileta namba kumi na nne. Mtu akienda hospitali, alipita kwanza kwa Nyanchera kuuliza tumbo linalonyonga linaitwaje. Hata karani wa soko, Thadeus Obura, ambaye alitoka kando ya ziwa na hakujua Kikisii, alikuwa akisimama mbele ya ndizi zake kila alipokuwa na tangazo. Yeye alisema sentensi moja, Nyanchera akaisema kwa Kikisii, kisha soko zima likamgeukia Nyanchera na si karani. Alivaa kitambaa safi cha kichwa siku hizo.

Jumatatu tarehe 15 Novemba 1954 Thadeus alikuja na askari wa soko, Nyangate, akapiga filimbi.

"Mama Kisumu," alimwambia Nyanchera, maana ndivyo alivyomwita, "waambie mwaka huu mji utakuwa na taa za Krismasi. Taa za rangi, kutoka ule mti mkubwa mpaka kwenye maduka. Mashine ya kusaga ndiyo itakayotoa umeme."

Nyanchera akasema. Wanawake wakacheka. Mmoja aliuliza kama taa nyekundu inaunguza zaidi ya nyeupe.

"Waambie kamati ya taa inaomba mchango. Shilingi moja kila mtu. Mchango wa hiari."

Nyanchera akawaambia kwa Kikisii, polepole, ili lisipotee: "Wanaomba shilingi moja ya taa. Anayetaka atoe. Asiyetaka asitoe, na hakuna kitakachompata."

Kelele ya furaha ikapanda mpaka kwenye mabati. Thadeus alifungua daftari, akatoa kalamu nyuma ya sikio, akangoja. Hakuna aliyeinuka. Wengi walikuwa Wasabato, na hata Krismasi yenyewe hawakuwa na habari nayo sana. Gesare, aliyekuwa akiuza wimbi nje tu ya paa, mbele ya namba kumi na nne, alichukua mkungu wa ndizi mbivu na kumwonyesha karani: "Nunua hizi, karani, zina mwanga wake!"

"Umewaambia nini?" Thadeus akauliza.

"Nimewaambia ulichosema."

"Nimesema hiari."

"Nami nimewaambia hiari."

Thadeus alifunga daftari.

"Mama Kisumu," alisema, "Kiswahili chako ni kizuri mno."

Jumatatu iliyofuata alirudi na hakusimama namba kumi na nne. Alisimama kwenye mizani, na aliyetafsiri alikuwa Nyangate. Kiswahili cha Nyangate kilikuwa cha kazi. Alijua kodi, leseni, ushuru, faini na kifungo, na kila neno alilowahi kuletewa na karani lilikuwa na pesa ndani yake. Hakudanganya mtu. Alisema alivyoelewa: "Kuna kodi mpya. Inaitwa Hiari. Ni shilingi moja. Ukilipa unapewa karatasi."

Thadeus hakujua Kikisii, lakini maneno "kodi" na "Hiari" aliyasikia yakifuatana, na hakusema kitu.

Wanawake walipanga foleni. Kila aliyelipa alipewa kipande cha karatasi chenye muhuri wa neno moja: HIARI. Walizifunga karatasi hizo kwenye pindo za leso, mahali wanapofunga pesa. Kuanzia siku ile salamu ya soko ikabadilika. Mtu akifika asubuhi aliambiwa "bwakire," na kabla hajashusha kikapu: "Umelipa hiari?"

Nyanchera alizunguka mwenyewe, gunia kwa gunia. "Hii si kodi," alisema. "Neno lenyewe linakataa. Hiari ni ukitaka."

"Basi mimi nimetaka," alisema mwanamke mmoja kutoka Ogembo, "kwa sababu sitaki kufungwa."

"Hakuna anayefungwa kwa hiari."

"Wewe kaa chini ya paa lako, Mswahili. Una maneno, sisi tuna karatasi."

Gesare alikuwa rafiki yake. Miaka minane walikuwa wamegawana uji kutoka kibuyu kimoja, na mvua ilipoanza ni Nyanchera aliyemsogezea nafasi ya kikapu kimoja chini ya paa. Siku hiyo Gesare aliuliza tu, akiangalia pembeni: "Kwa hiyo wewe hulipi kabisa?"

"Silipi. Si lazima."

"Sawa," alisema Gesare.

Jumatatu tarehe 6 Desemba Nyanchera alifika na mikungu yake miwili akakuta magunia ya wimbi juu ya namba kumi na nne. Gesare alikuwa ameketi katikati, miguu ameinyoosha. Namba haikuonekana.

"Gesare, umechelewa kuamka? Hapo ni pangu."

"Palikuwa pako." Gesare alifungua pindo la leso akatoa karatasi mbili. "Hii ni ya kichwa changu. Hii ni ya namba kumi na nne. Haikuwa imelipiwa. Karani aliuliza nani anaitaka."

"Na wewe ukaitaka."

"Si ulisema hiari ni ukitaka?"

Wale wa karibu walicheka sana. Mmoja aliinama mpaka kilemba kikamdondoka. Gesare naye alicheka, kisha akaacha, akasema kwa sauti ya chini: "Mama Eucabeth, nina watoto sita. Nimenyeshewa miaka minane nikikuangalia umekauka."

"Nilikuwa nakusogezea."

"Kikapu kimoja," Gesare akasema. "Leta basi na wewe kimoja, nikusogezee."

Nyanchera aliketi nje. Mvua ilianza saa nane kasorobo.

Kesho yake alikwenda kwenye chumba cha karani. Thadeus alikuwa anakunywa chai. Alimwacha asimame mpaka kikombe kilipokwisha.

"Karani, nafasi yangu ina mtu."

"Nafasi gani?"

"Kumi na nne."

Alifunua daftari ingawa alijua. "Kumi na nne ni ya Gesare. Amelipa hiari mbili."

"Hiari hailipwi, karani. Wewe unajua. Mimi na wewe tu ndio tunaojua, soko zima."

"Ni kweli," alisema Thadeus. "Na wewe hukulipa. Kuna mtu alikuja kukukamata?"

"Hakuna."

"Alikutoza faini?"

"Hapana."

"Basi hiyo ndiyo hiari. Wewe ulikuwa na yako ukaitumia. Kamati nayo ina yake. Kukupa namba si lazima, kunyima si kosa." Alifuta mdomo. "Nani alikufundisha Kiswahili, mama?"

"Mwanamke wa Lamu."

"Alikufundisha vizuri. Angekufundisha na kunyamaza."

Nyanchera alitoa shilingi moja kutoka kwenye pindo lake, akaiweka mezani. Ilikuwa imelowa. Thadeus aliirudisha kwa ncha ya kalamu, bila kuigusa kwa kidole.

"Orodha imefungwa. Lakini kuna jambo. Alhamisi ya wiki ijayo memsahib wa kamati anakuja sokoni kuwashukuru wanawake. Anataka awaulize mwenyewe kama wametoa kwa hiari, kwa sababu kuna mtu amemwandikia barua kwamba watu wanalazimishwa. Nyangate hawezi kusimama mbele yake, ataharibu. Wewe ndiye utakayetafsiri. Ukitafsiri vizuri, tutaiangalia namba."

"Vizuri maana yake nini?"

"Mama Kisumu," Thadeus alisema, "leo ndiyo umesahau Kiswahili?"

Siku tisa zilikuwepo kati ya hapo na Alhamisi. Mvua haikukosa hata siku moja kati ya hizo. Mikungu mitatu iliharibika. Mwenye chumba alimkumbusha kodi ya nyumba mara mbili. Binti yake, Eucabeth, alikuja kutoka Magwagwa na mtoto mgongoni, akaambiwa habari yote, akasema: "Mama, ni neno moja tu. Liseme wanavyotaka, urudi ukae pakavu."

Alhamisi tarehe 16 Desemba memsahib alifika saa nne asubuhi. Alikuwa mwanamke wa Kizungu, mrefu, mwenye kofia ya majani makavu, na alionekana kweli ana wasiwasi. Alikataa kiti. Alisimama katikati ya wanawake waliokaa chini, akasema kwa Kiswahili alichojifunza kwa mpishi wake:

"Mama wote, mimi nasikia habari mbaya. Mimi nataka jua kweli. Nyinyi alitoa pesa kwa hiari? Kama hapana, sema. Mimi tarudisha pesa yote, leo."

Alimgeukia Nyanchera na kumngoja. Thadeus alisimama nyuma ya memsahib, mikono nyuma. Chini ya paa Gesare alikuwa ameacha kupima wimbi.

Nyanchera alikuwa na maneno yote mawili. Alikuwa na lile la Bi Kazija, na kama angelisema, mwanamke huyu mwenye kofia angefungua mkoba hapo hapo na kuwarudishia watu shilingi zao. Na alikuwa na la Nyangate. Aliitazama namba kumi na nne, ambayo ilionekana nusu, ile nne ya mwisho tu, chini ya gunia.

Akasema kwa Kikisii: "Bibi anauliza, mmelipa hiari?"

Soko zima liliinuka. Walifungua pindo za leso, wakatoa karatasi, wakazinyanyua juu ya vichwa, zaidi ya mia moja, nyingine zimelowa na kukauka mpaka zimekunjamana. "Hiari!" walipiga kelele. "Hiari! Hiari!" Mwanamke wa Ogembo alimsogelea memsahib kabisa ili karatasi yake ionekane vizuri, asije akatozwa mara ya pili.

Memsahib alifunika mdomo kwa mkono. Machozi yalimtoka. Alisema kwa Kiingereza kitu ambacho Thadeus alikiandika, kisha akaishika mikono mingi iliyokuwa karibu, na ya Nyanchera pia.

Alipokwisha ondoka, yule wa Ogembo alimwita Nyanchera mbele ya wote.

"Mama Eucabeth. Kwa hiyo hiari ni kodi, au si kodi?"

"Ni kodi."

"Na mwanzo ulitwambia nini?"

"Nilikosea."

"Miaka kumi na miwili Kisumu!" mtu alisema, na kicheko kilizunguka soko, kikatoka nje ya paa na kurudi. "Miaka kumi na miwili anaosha vyombo vya Waswahili, na neno moja limemshinda!" Kuanzia siku hiyo karatasi za serikali zilipelekwa kwa Nyangate. Yeye alizisoma zote kuwa ni faini, na watu waliridhika, kwa sababu mara nyingi ilikuwa kweli.

Nyanchera alikwenda kwa karani jioni hiyo. Thadeus alisema namba haziwezi kubadilishwa mwezi wa Desemba. Alikwenda Januari. Thadeus alisema Gesare hajafanya kosa lolote, na kwamba yeye, Thadeus, hawezi kumwondoa mtu aliyelipa kwa hiari.

Taa ziliwashwa Ijumaa tarehe 24 Desemba, jua lilipozama. Kwa Wasabato hiyo ndiyo saa sabato inapoingia, kwa hiyo wengi wa waliozilipia walikuwa wameshafungasha na kupanda milima kurudi kwao. Hawakuziona. Walioziona ni wenye maduka na familia zao, maofisa wachache, na watu wa mjini. Zilikuwa nzuri. Balbu nyekundu, kijani na za njano zilining'inia kutoka kwenye mti mpaka kwenye veranda za maduka, na mashine ya kusaga ilinguruma nyuma yake bila kusaga kitu. Kwenye mti palipigiliwa ubao uliopakwa rangi vizuri, wenye majina saba ya waliofadhili taa hizo: kamati, na wenye maduka sita. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa: *na wanawake wa soko, kwa hiari yao.*

Nyanchera alikuwa Msabato pia, lakini alikaa mjini na njia ya kwenda chumbani kwake ilipita hapo. Alisoma ubao mpaka mwisho. Aliusoma bila kusogeza midomo, kama alivyofundishwa.

Mwaka uliofuata Thadeus Obura alihamishiwa kwingine, tena kwa cheo. Aliyekuja badala yake alikuwa kijana mpole kutoka pwani. Jumatatu tarehe 14 Novemba 1955, kabla hajapiga filimbi, alikuta foleni imeshapangwa mbele ya meza yake. Aliuliza foleni ya nini. Nyangate alimjibu kwamba ni ya hiari, mwezi wake umefika.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mwanamke mwembamba, nywele nyeupe pembeni mwa kitambaa, amebeba gunia la kujifunika mvua. Alikuwa amefika saa kumi na mbili asubuhi ili awe wa kwanza. Namba nane ilikuwa imebaki wazi, mwenyewe alifariki Septemba.

Karani aliisogeza shilingi nyuma kwa upole.

"Mama, hii si lazima," alisema, akitamka kila silabi, kama mtu anavyosema na mtoto. "Hi-a-ri. Maana yake ni ukitaka. Usipotaka, hutoi. Umenielewa?"

Ilikuwa sauti ile ile ya Bi Kazija, na matamshi yale yale.

"Nimeelewa," alisema Nyanchera, na akairudisha shilingi mbele. "Andika. Nyanchera. Namba nane."

Karani aliandika. Akagonga muhuri, akampa karatasi, akamgeukia Nyangate akitabasamu kwa huruma.

"Masikini," alisema. "Hawa mama zetu wa huku, Kiswahili hawakijui kabisa."